Wanja na Rangi ya Kope: Historia ya Pambo la Jicho hadi Kibera na Kawangware

Katika vichochoro vya Makina na Gatwekera huko Kibera, na kandokando ya Barabara ya Naivasha pale Kawangware, ni nadra Jumamosi kupita pasiwepo arusi, mahafali au ruracio (sherehe ya mahari ya Wagikuyu), na kila shughuli ya namna hiyo humtafuta mpambaji wa nyuso kabla ya kumtafuta mpiga picha. Mpambaji huyo, aghalabu msichana aliyekodi kiti kimoja ndani ya saluni ya mabati, hufungua kisanduku bapa cha rangi kiitwacho paleti, akachovya burashi, akaanza kuipaka kope ya mteja wake rangi ya udongo, ya shaba au ya zambarau. Wazee wengi humtazama wakasema kwamba mambo haya yameletwa na simu, na kwamba bibi zao hawakuyajua. Historia haikubaliani nao. Pambo la jicho lina umri mkubwa kuliko mji wa Nairobi wenyewe, nalo lilifika katika mitaa hiyo miwili kwa njia mbalimbali: kwa jahazi, kwa jeshi, kwa duka, na hatimaye kwa simu. Katika baadhi ya njia hizo rangi ilisafiri pamoja na mafunzo yake, katika nyingine ilisafiri peke yake, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama jicho litapata uzuri pamoja na afya, au uzuri wenye kuambatana na madhara.

Wanja wa manga: kabla ya 1890

Wamisri wa kale walisaga jiwe la risasi liitwalo galena wakapata weusi, wakasaga malakiti wakapata kijani, wakavipaka pembezoni mwa macho wanaume kwa wanawake, matajiri kwa maskini. Kwamba walitafuta tiba pamoja na urembo ni jambo lililopata ushahidi mwaka 2010, wanakemia wa Ufaransa walipochapisha matokeo ya kuyachunguza mabaki ya vipodozi hivyo yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, wakaonyesha kwamba baadhi ya chumvi za risasi zilizomo zilitengenezwa kwa makusudi, na kwamba kwa kiasi kidogo mno zaweza kuziamsha seli za mwili zipambane na maradhi. Risasi hiyo hiyo ikizidi huwa sumu, na kisa hiki kitalazimika kuirudia.

Kutoka Bahari ya Sham biashara ya wanja ilienea hadi Bahari ya Hindi. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, ambacho ndicho kilichotaja soko la Rhapta katika pwani yetu, kinautaja wanja wa mawe miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa bandari za Bara Hindi. Nao waliochimbua magofu ya miji ya kale ya Waswahili wamevikuta vijiti vya shaba vya kutilia wanja. Uislamu ulipokita mizizi katika miji hiyo, pambo hilo lilipata hadhi ya dini, kwa kuwa hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi zinausifu wanja wa ithmidi kwa kuusafisha uoni na kuziotesha kope, na hivyo mwanamume mcha Mungu aliweza kuutia bila ya kuona haya.

Ushahidi ulio bora kuliko yote wa pwani ni wa Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, ambaye mwaka 1858, akiwa katika maradhi, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Miongoni mwa mambo ya ibada, adabu kwa watu na utunzaji wa nyumba, mama huyo alimhimiza mwanawe asiache hina mikononi, wala asiache kutia wanja machoni na kwenye nyusi. Msomaji wa leo yampasa aangalie mahali wasia huo ulipowekwa: pambo la jicho halikutengwa katika mlango wake peke yake, bali lilitajwa pamoja na usafi wa mwili na wa malazi, kama sehemu ya maarifa ambayo mama alikuwa na deni la kumwachia binti. Mahali ambapo mama hakufundisha, somo au kungwi alifundisha, na mafunzo yake yalijumuisha unadhifu pamoja na urembo. Aliyejua kupaka alikuwa ndiye anayejua kuosha.

Wanubi wa Kibra: 1891 hadi 1939

Mwaka 1891 Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani, ambao baadaye waliitwa Wanubi, waliobaki nyuma baada ya gavana wao Emin Pasha kuondoka, wakiwa chini ya Selim Bey pamoja na wake zao, watoto na wafuasi wengi, akawachukua wawe nguvu yake katika Uganda. Askari hao na wana wao waliingizwa baadaye katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na walipomaliza utumishi waliruhusiwa kukaa katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, ambao wao waliuita Kibra, ndio Kibera ya leo. Kufikia 1912 eneo la ekari 4,197 lilikuwa limetengwa kwa ajili yao.

Historia za jeshi huhesabu bunduki, wala hazihesabu vikasha vya wanawake. Ilhali ni wanawake wa Kinubi waliokipa kijiji hicho sura yake. Walikuja na gurbaba, vazi lao la kujifunga, na ngoma ya doluka, na ufumaji wa vitanga, na pamoja na hayo walikuja na hina, manukato ya moshi, na wanja wa macho. Mji wa Nairobi, uliozaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli na kukuzwa kwa sheria zilizomtaka Mwafrika awe mfanyakazi wa muda asiye na familia, haukumwandalia mwanamke mahali. Lakini Kibra ilikuwa na nyumba, bustani, misikiti na arusi, na penye arusi pana haja ya kupamba. Kadhalika ilikuwa katika Pangani, mpaka ilipobomolewa kufikia 1939, na katika Pumwani iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ambako wanawake wa Kiswahili walimiliki nyumba za kupangisha na kuendeleza ada za pwani. Wahindi wa Mtaa wa Bazaar, ambao leo ni Biashara Street, nao walikuwa na surma yao, jamaa ya wanja.

Hivyo jicho lililopakwa wanja lilikuwa jambo la kawaida Kibera kabla ya rangi za Ulaya kufika. Walakini serikali ya kikoloni iliwapa Wanubi ardhi bila ya kuwapa hati, ikawahesabu kuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa wakati wowote, na udhaifu huo wa haki ndio uliofanya wageni kufurika, ardhi kumegeka, na kijiji cha askari kugeuka kuwa mtaa mkubwa wa mabati. Wanubi walingoja hadi mwaka 2017 kupata hati ya pamoja, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu.

Nyuso zilizooshwa: Dagoretti na Kawangware hadi 1963

Kawangware ina asili nyingine. Ilikuwa sehemu ya nchi ya Wagikuyu ya Dagoretti, ambako Lugard huyo huyo alijenga ngome mwaka 1890. Wagikuyu walikuwa na rangi zao: udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na chokaa nyeupe iitwayo ira, ambazo zilipakwa katika jando, ngoma na matambiko. Rangi hizo zilieleza hirimu na hali ya mtu mbele ya jamaa zake, wala hazikuwa za kuuzwa dukani.

Misheni ya Kanisa la Scotland, iliyohamia Kikuyu mwaka 1898, iliona katika udongo na mafuta alama ya ushenzi, na kwa kuwa shule na hospitali zilikuwa mikononi mwake, mtu aliyetaka elimu alitakiwa kuvua ngozi, kuvaa nguo na kuosha uso kwa sabuni. Mwanamke Mkristo akatambulikana kwa kitambaa cha kichwa na uso usio na kitu. Matokeo yake ni kwamba rangi ya zamani iliondolewa bila ya kuwekwa nyingine mahali pake, na pamoja nayo yaliondoka mafunzo ya wakubwa kwa wadogo kuhusu kuipamba ngozi. Mjukuu wa mke wa askari Mnubi alirithi kijiti cha wanja. Mjukuu wa mwanamke wa misheni alirithi shaka juu ya kila mwenye kujipamba.

Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na msako mkuu wa Aprili 1954 uliowaondoa Nairobi maelfu ya Wagikuyu, viliuchelewesha ukuaji wa Kawangware. Lakini vikwazo vilipoondolewa, na mipaka ya mji ilipopanuliwa mwaka 1963 ikaimeza Dagoretti, wenye mashamba waligundua kwamba chumba cha mabati huzaa kuliko mahindi. Vyumba vikajaa watu kutoka Magharibi, Ukambani na Nyanza, na wasichana waliokuja kutafuta kazi wakajikuta katika mji ambamo hakuna mama wala somo wa kuwaongoza.

Rangi ya dukani: 1922 hadi 1992

Wakati huo huo rangi ya kope ya kisasa ilikuwa ikikua ng'ambo. Kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, mtindo wa macho ya Kimisri uliivamia Ulaya na Marekani, na wachezaji sinema waliopambwa na mabingwa kama Max Factor wakaueneza. Biashara ilikimbia kuliko hadhari. Katika miaka ya 1930 rangi ya nywele za kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure iliwadhuru wanawake wa Marekani hata kukawa na upofu na kifo, na kisa hicho kilikuwa miongoni mwa sababu za kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyoviweka vipodozi chini ya ulinzi wa serikali. Wanja wa kale nao haukusalimika, kwani mwaka 1968 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya watoto wa familia za Kiasia walioingiwa na sumu ya risasi iliyomo katika surma. Rangi mpya na wanja wa asili vilikuwa na hatari moja: mtumiaji hakujua kilichomo.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mwaka ule ule filamu ya Cleopatra ilipoonyesha kope za Elizabeth Taylor zilizojaa rangi, wanawake wengi walianza kuajiriwa kuwa makarani, wapiga chapa na wauguzi, wakawa na mshahara wao wenyewe. Mjadala ukazuka papo hapo. Kwa jirani yetu Tanzania, Umoja wa Vijana wa chama cha TANU ulitangaza mwaka 1968 Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Kenya haikufika huko, lakini magazeti yake yalijaa hoja za namna hiyo, na aliyelaumiwa daima alikuwa mwanamke, kamwe si mwenye kiwanda.

Lawama hiyo iliuficha mushkeli wa kweli, yaani kwamba bidhaa zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yake. Rangi nyingi za kope zilichanganywa na unga mweupe mwingi, ambao juu ya ngozi nyeupe hauonekani, na juu ya ngozi nyeusi huleta kijivu cha majivu. Mwaka 1973 Eunice Johnson wa Chicago alianzisha vipodozi vya Fashion Fair kwa ajili ya wanawake weusi, na mwaka 1975 Iman, binti wa Kisomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aligunduliwa na mpiga picha Peter Beard, akaenda New York kuwa mwanamitindo, akaona jinsi wapambaji walivyokosa rangi za kumfaa, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Nairobi ilikuwa imemtoa mwanamke aliyekuja kulitatua jambo hilo, ilhali katika miaka hiyo ya kabla ya kampuni yake mkazi wa Kawangware hakuweza kuifikia rangi ya kope, kwa kuwa uhaba wa fedha za kigeni na leseni za uagizaji viliifanya kuwa kitu cha wenye jamaa ng'ambo.

Milango kufunguliwa: 1993 hadi 2008

Kuanzia mwaka 1993 serikali iliziondoa leseni za uagizaji na vizuizi vya fedha za kigeni, na bidhaa zikaingia kwa wingi usiokuwa na mfano. Barabara ya Dubois na River Road zikawa maghala ya vipodozi, na kutoka huko wachuuzi wakavibeba hadi Soko la Toi kando ya Kibera na hadi kituo cha 46 pale Kawangware. Kwa mara ya kwanza mama mboga na mfanyakazi wa nyumbani waliweza kununua paleti.

Ufunguzi huo ulikuja na hasara yake. Bidhaa bandia zilivaa majina makubwa, tarehe za mwisho zilifutwa au kubandikwa upya, na vipodozi vilivyofunguliwa vilipangwa juani juu ya turubai. Mwaka 1998 Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilitangaza orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku kwa sababu ya zebaki na haidrokwinoni, na mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi. Lakini orodha na sheria ni za kumzuia muuzaji, nazo haziwezi kumfundisha mnunuzi. Hapa ndipo kupaka na kutunza vilipoachana kabisa: rangi ilikuwa rahisi kuliko wakati wowote, na mwalimu hakuwepo. Msichana alinunua kisanduku, akajipaka kwa kidole au kwa sifongo kilichokuja nacho, akamwazima jirani, na macho yalipowasha aliilaumu rangi, au vumbi, au hasidi.

Simu, barakoa na mafundi wapya: tangu 2009

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, bei ya mtandao ikashuka, na simu za kisasa zilipopungua bei, kijana wa Kibera aliweza kumtazama fundi wa Lagos au wa London akipaka rangi hatua kwa hatua. Simu ikachukua nafasi ya somo, ila kwa upungufu mmoja: ilionyesha kupaka, na aghalabu haikuonyesha kuosha. Wakati huo huo Wakenya walianza kutengeneza rangi za kuwafaa Wakenya. Suzie Wokabi akaanzisha SuzieBeauty na Nelly Tuikong akaanzisha Pauline Cosmetics, na Fenty Beauty ya mwimbaji Rihanna, iliyotokea mwaka 2017 na vivuli 40 vya ngozi, ikaingia rasmi Kenya Mei 2022.

Kisha ukaja ugonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na barakoa zikalazimishwa. Mikusanyiko ya arusi ilibanwa, wapambaji wakakosa kazi. Lakini rangi ya midomo ilipofunikwa, jicho lilibaki peke yake kuwa uso wa mtu, na waliokuwa na ustadi wa kope wakajikuta na sanaa inayotafutwa. Janga hilo pia lilifundisha kunawa mikono na kutoshirikiana vyombo. Mapema mwaka 2024, maradhi ya macho mekundu yalipoenea Mombasa na pwani yote, mafunzo hayo yalithibitika, kwa kuwa maradhi hayo hupita katika mkono, taulo, na burashi iliyogusa macho mawili ya watu wawili.

Ilimu ya kope leo

Kwa mapito hayo fundi mwema wa Kibera au Kawangware amekuwa mrithi wa desturi mbili, ile ya somo na ile ya simu, na kazi yake yafaa kuelezwa.

Huanza kwa kunawa mikono yake na kuisafisha kope iwe haina mafuta, kwa sababu chumba cha mabati huwa na joto adhuhuri, na rangi juu ya jasho hujikusanya katika mkunjo wa kope kabla ya bi arusi kufika kanisani au msikitini. Hupaka kwanza utando mwembamba wa krimu ya kushikilia rangi, ambao juu ya ngozi nyeusi hufanya kazi ya pili ya kuzuia ule ujivujivu. Kisha huweka rangi ya kati, iliyo karibu na ngozi yenyewe, katika mkunjo wa kope, akaisambaza kwa burashi yenye nywele laini. Hufuatisha rangi iliyokoza katika pembe ya nje, na rangi yenye kung'aa katikati ya kope, akaigandamiza badala ya kuisugua ili vumbi lake lisimwagikie shavuni. Mipaka baina ya rangi huondolewa kwa burashi kavu isiyo na rangi yoyote, nayo ndiyo hatua inayomtenganisha fundi na mwanafunzi. Wanja huja mwisho, kwenye mizizi ya kope.

Utunzaji ni nusu ya pili ya kazi, na katika mitaa hii una gharama. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na kuosha burashi kila siku ni kutoa fedha mfukoni. Hata hivyo fundi wa kweli huziosha kwa sabuni laini, akazilaza zikauke, kwani zikisimamishwa zimelowa maji huingia katika mpini na gundi huachia. Rangi ya krimu huichota kwa kijiti akaiweka juu ya kibao, wala hakirudishi kijiti ndani ya chombo. Paleti huifunika dhidi ya vumbi na kuiweka mbali na bati lenye joto. Rangi ya unga huweza kudumu miaka miwili, ya krimu kiasi cha mwaka mmoja, na wanja wa majimaji wa nywele za kope haufai kuvuka miezi mitatu minne. Chenye kubadili harufu hutupwa bila ya kungoja tarehe. Mteja mwenye jicho jekundu hapakwi, hata akilipa mara mbili, bali huelekezwa zahanati au kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu. Na usiku rangi huondolewa kwa mafuta na pamba, kope ikifutwa polepole, kabla ya kulala.

Alhasili, historia hii inatoa hukumu moja. Pambo la jicho halikuwadhuru watu kwa kuwa lilikuwa geni, maana si geni. Liliwadhuru kila lilipouzwa bila ya mafunzo yake au bila ya kujulikana kilichomo, iwe ni surma yenye risasi, Lash Lure ya Marekani, au paleti ya magendo iliyoanikwa juani. Na kila lilipobebwa na mwalimu, kama Mwana Kupona alivyolibeba kwa binti yake na wanawake wa Kinubi kwa wajukuu wao, lilidumu kwa salama. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha urembo vingefanya vema kuanza somo lao kwa kuosha kabla ya kupaka. Nawe msomaji, ukikaa katika kiti cha mpambaji, usione haya kuomba uonyeshwe burashi iliyooshwa na tarehe ya mwisho ya rangi kabla hujafumba macho. Ni haki yako, na fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa nayo.